Mtoto wa Kariakoo Asimame Wapi

Asubuhi ile mwalimu mkuu aliwatoa darasa la saba nje, akawapanga mbele ya mlingoti wa bendera, kisha akatoa amri ambayo hawakuwahi kuisikia tangu waanze shule. Kila mtoto asimame na wenzake wa mkoa wa kwao.

Hawakusita hata kidogo. Walikimbia kama wanaocheza, wakiitana kwa sauti: wa Kilimanjaro huku, wa Lindi na Mtwara kule, wa Morogoro chini ya dirisha la ofisi, wa Tanga karibu na bomba. Vumbi lilipotulia, mwalimu mkuu alitazama mafungu yale, akavua miwani, akanigeukia.

"Mwalimu, wa Dar es Salaam wako wapi?"

Walikuwako watatu, wamesimama peke yao penye kivuli cha ukuta: wajukuu wa wazee wenye nyumba, ambao babu zao walilima minazi hapa kabla soko halijajengwa. Waliobaki, ingawa karibu wote walizaliwa katika mitaa inayolizunguka soko la Kariakoo na wengi wao hawajawahi kulala nje ya jiji, walikuwa wamekwenda kusimama kwa babu zao.

Sikushangaa sana, maana ndivyo tunavyoishi katika jiji hili. Mtu akikaa Kariakoo miaka thelathini, akaulizwa kwao ni wapi, atakutajia kijiji. Harusi zake, misiba yake na michango yake hufanywa na watu wa kijiji hicho. Kusema kwamba kwenu ni Kariakoo ni sawa na kukiri kwamba huna watu. Watoto wale walijibu kama walivyofundishwa na wazazi wao, kwa heshima na kwa haraka. Lakini safari hii jibu lao lilikuwa na uzito ambao wao hawakuujua.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa ualimu. Nilitoka chuoni nikiamini kwa moyo wote kwamba elimu ni mali ya taifa zima, si zawadi ya wachache wenye bahati ya kuzaliwa karibu na shule nzuri. Bado ninaamini hivyo. Mwaka ule ilitangazwa kwamba sekondari moja ya serikali ya sayansi na ufundi, ambayo kila mzazi mjini aliiota na ambayo iliwachukua watoto kwa alama za mtihani tu, itabadili utaratibu wake. Nafasi zitagawanywa kwa mikoa. Mtoto atashindana na wa mkoa wake, si na nchi nzima. Kwa watoto wanaosoma mbali na makao yao ya asili, uamuzi wa mkoa gani wahesabiwe uliachwa kwa wazazi, na shule ilipewa wiki moja kuupata. Ndiyo maana walisimamishwa uwanjani.

Katika fungu la Kilimanjaro, ambalo lilikuwa kubwa na lenye watoto wakali wa hesabu, alikuwamo msichana mmoja ambaye nitamweleza kidogo, kwa sababu habari hii ni yake.

Nilipanga chumba katika nyumba waliyokaa wazazi wake, nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Baba yake, mtu wa Kilimanjaro, aliuza maharage na vitunguu sokoni kwa magunia. Mama yake alitoka Masasi. Kwa hiyo nilimjua msichana huyu darasani na nyumbani pia. Kila asubuhi alipanga betri za tochi zilizokwisha nguvu juu ya ukuta wa ua ili zipigwe na jua, na jioni alizikusanya zikiwa na uhai kidogo, akaziunga kwa waya na kijitaa kimoja alichopewa na fundi wa redio. Kijitaa kiliwaka kama jicho la mgonjwa, kisha kikazimika, naye aliridhika kabisa. Wapangaji walimtania kwamba anaanika betri kama watu wanavyoanika dagaa.

Mwanzoni mwa mwaka niliwapeleka wanafunzi kuiona sekondari ile. Wengi walivutiwa na bweni na uwanja wa mpira. Yeye alisimama katika karakana, mbele ya mashine ya kukereza vyuma, akitazama utepe mwembamba wa chuma ukijikunja na kuanguka, hata wenzake wakatoka wakamwacha. Nilipomfuata aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, wasichana wanaruhusiwa kuigusa?" Nikamjibu kwamba tangu mwaka uliopita wanaruhusiwa. Tangu siku ile hakutaja shule nyingine.

Sasa alikuwa amekwenda kusimama mahali ambapo, kwa utaratibu mpya, nafasi ilikuwa finyu kuliko pote. Mkoa wa baba yake ulikuwa na shule nyingi za zamani na watoto wengi wenye alama za juu. Mikoa ya kusini, anakotoka mama yake, ilikuwa na nafasi ambazo kwa alama alizozoea kupata angeichukua mojawapo bila shaka yoyote. Na Dar es Salaam ilikuwa katikati ya pande hizo mbili: angeweza kupata, angeweza kukosa.

Mama yake alizisikia habari hizo kabla sijafika nyumbani. Nilimkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na ukunaji wake ulikuwa wa mtu mwenye jambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Nani alimwambia mwanangu akasimame mlimani?"

"Alikwenda mwenyewe, mama."

"Mwenyewe! Alipelekwa huko Krismasi moja tu, akalia baridi siku zote, akarudi na mafua. Leo ndiyo kwao?" Alikung'uta kifuu. "Mwalimu, kwetu sisi mtoto ni wa upande wa mama. Ukoo ni wangu. Mjomba wake ndiye mwenye neno. Huyu baba yake alijua tangu siku ya posa, na alikubali huku akila kuku wetu."

Hili halikuwa neno la hasira tu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya ualimu katika kijiji kimoja cha huko kwao, na nilijua kwamba anachosema ndiyo desturi yenyewe: mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama. Na kwa baba yake, huko migombani, mtoto ni wa baba, wala hakuna mjadala. Msichana huyu alikuwa wa pande mbili kwa haki kamili. Hakuna ambaye angehitaji kusema uongo ili kumpeleka kusini. Ndilo lililonifanya nikose raha, kwa maana uongo ningeweza kuukataa kwa urahisi.

Siku mbili baadaye uliitishwa mkutano wa wazazi. Madawati ya darasa la saba yalijaa, waliokosa nafasi wakasimama madirishani. Afisa elimu alieleza utaratibu kwa upole, akasisitiza kwamba hapa hakuna anayezungumzia kabila, bali mkoa.

"Sawa, ndugu afisa," alisema muuza vitenge mmoja aliyekaa mbele. "Mwanangu amesoma kwa kibatari mpaka macho yamekuwa mekundu. Sasa aliyepata alama pungufu apite juu yake, kwa sababu babu yake alizaliwa Newala?"

Mama mmoja mpika vitumbua akasimama nyuma. "Kwani Newala hakuna vichwa? Korosho zinazouzwa nje ya nchi zinajiokota zenyewe?"

"Korosho si hesabu, mama!"

"Na kuuza vitenge je? Ungekuwa unajua hesabu usingenirudishia chenji pungufu wiki iliyopita!"

Darasa zima lilicheka, na muuza vitenge pia akacheka, akijipangusa shingo. Ndipo mzee mmoja mwenyeji, babu wa mmoja wa wale watoto watatu, akanyoosha fimbo yake juu kama mwanafunzi.

"Mimi ninyi mnanistaajabisha," alisema. "Kila mtu hapa ana kwao. Kwenu mnakusifu mchana kutwa, na hamwendi. Mmekaa juu ya kwetu. Visima tulichimba sisi. Leo afisa anatafuta watoto wa Dar es Salaam, anapata watatu! Basi hao wengine wanaopiga mpira kwenye ukuta wangu kila jioni ni wageni?"

Hata afisa alishindwa kujizuia kucheka.

Nikaomba kusema. Sikuwa nimeandaa hotuba. Nilieleza tu nilichokiona. Niliwaambia kwamba katika kijiji kile cha kusini nilipaswa kufundisha njia ya umeme, na shule haikuwa na betri, wala waya, wala taa. Basi niliwatoa watoto nje, nikawapanga katika duara, wakashikana mikono: hao ndio waya. Mmoja alikuwa betri. Mmoja, mtoto mwembamba mwenye kovu kwenye paji la uso, alikuwa taa. Duara likiunganika, anafumbua macho, likikatika, anafumba. Alifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa, kipindi kizima amesimama juani, bila kuwahi kuona taa ya umeme maishani mwake.

"Mtoto yule," nikasema, "akipata alama pungufu kidogo kuliko mtoto wa hapa, mimi siwezi kusema amepungukiwa akili. Amepungukiwa shule. Kwa hiyo ninaunga mkono nafasi zigawanywe. Lakini kama tunagawa kwa sababu ya upungufu wa shule, basi mtoto ahesabiwe pale alipokalia dawati. Si pale alipozikwa babu yake."

Wengine walipiga makofi. Wengi hawakupiga. Afisa alisema hoja hiyo ni nzuri na ataifikisha kwa wakubwa, ila kwa mwaka huu uamuzi unabaki kwa wazazi. Nilipokaa nilimwona baba wa msichana dirishani. Alikuwa amevaa kofia yake ya sokoni, ananitazama bila chuki, kama anavyotazama gunia asilojua lina nini ndani.

Jumapili alasiri, mjomba alikuja. Alikuwa kuli bandarini, mtu mpole mwenye mabega mapana, na siku hiyo alivaa suruali ya kanisani. Niliitwa uani nami nikaketi juu ya kigoda. Msichana alikuwa pembeni anapaa samaki ambao mama yake aliwanunua soko la Feri, magamba yamemtapakaa mpaka kwenye nyusi.

"Shemeji," mjomba alianza, "sikuja kukunyang'anya mtoto. Nimekuja kukusaidia. Keshokutwa asimame kwetu. Shule ataipata, na hakuna atakayekuwa amedanganya. Mwalimu shahidi, desturi anaijua."

Baba alisogeza kigoda chake. "Na mimi nyumbani nitawaambia nini? Kwamba binti yangu nimemwandikisha kwa watu wengine ili apate dawati? Kwetu mtu akizaa mtoto akamtoa ukoo, huyo amekufa akiwa hai."

"Hajatolewa ukoo. Hii ni shule tu. Wakati wa mahari utamdai tena, tunakujua."

"Mahari sikuitaja."

"Hujaitaja leo."

Mama alicheka puani. Kisha wote wakanigeukia, nami nikawaambia kwamba siwezi kuwaamulia. Niliyokuwa nayo nimeyasema mkutanoni. Desturi yao ni ya kweli, na haki ya kuitumia ni yao.

"Na mimi mtaniuliza lini?"

Ilikuwa sauti ya msichana. Hakuinua kichwa, kisu kilikuwa bado juu ya samaki.

"Watu wazima wanazungumza," baba yake alisema.

"Mwache," akasema mjomba. "Ndiye anayekwenda shule, si sisi."

Akaweka kisu chini. Nilitegemea atasema anataka kusimama kusini, na kama angesema hivyo nisingekuwa na neno la kumpinga. Lakini aliniuliza mimi.

"Mwalimu, yule aliyekuwa taa, baba alitusimulia habari zake. Alikuwa hodari?"

"Alikuwa hodari sana."

"Kunizidi mimi?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa alistahili jibu la kweli. "Sijui. Wewe umeshika betri. Yeye hajashika."

"Na mwaka huu yuko darasa la ngapi?"

"La saba."

Alichukua samaki mwingine, akaanza kumpaa kuanzia mkiani, polepole. Mama yake alimtazama, akamtazama kaka yake, halafu akazungumza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya chini na isiyokuwa na mzaha.

"Mimi shule ile ya kusini nimesoma. Kama si ile, basi nyingine kama hiyo. Siku ya somo la kipimajoto mwalimu alikichora ubaoni, kikaanzia juu mpaka chini, ili sote tukione. Nimetoka huko nikijua kipimajoto ni kitu kirefu kama mlango. Nimekuja kuolewa hapa, nikaenda hospitali na huyu mtoto tumboni, muuguzi akanitia kitu kidogo kwapani, nikamwuliza ni nini. Akanicheka, na wenzake akawaita." Alifunga khanga yake upya. "Hapana, kaka. Hatasimama kwetu. Nafasi za kule ziache za kule."

"Dada, unamnyima mwanao."

"Simnyimi. Atasimama alipokulia, hapa hapa, ashindane na watoto waliosoma alivyosoma."

Baba akaona mlango umefunguka. "Basi asimame mlimani kwa baba yake."

"Wewe nawe! Huko hata kumenya ndizi hawezi. Mpaka leo anazimenya kwa kisu cha mkate."

Baba alijaribu kukunja uso, akashindwa. Alivua kofia, akaipiga gotini kuondoa vumbi la maharage, akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. Kisha akamwuliza binti yake, naye ni baba wa kwanza niliyemsikia akiuliza hivyo: "Wewe unataka wapi?"

"Nataka karakana," alijibu. Macho yalikuwa yamejaa maji, na mkono uliojaa magamba haukuweza kuyafuta. "Lakini mama ameshasema."

"Nami nimesikia," baba alisema. "Basi iwe hapa."

Jumanne darasa lilisimamishwa tena. Msichana alivuka uwanja mzima akiwa peke yake mpaka penye kivuli cha ukuta, walipokuwa wale watatu.

"Wewe! Umekuja kwetu kufanya nini?" mmoja akamwuliza.

"Nimekuja kukaa."

"Kodi yako iko wapi?"

Wakacheka, wakampisha mahali. Baada yake walivuka wengine wawili. Mmoja, akiona rafiki zake wote wamebaki upande wa pili, akarudi mbio.

Mtihani ulifanyika, mvua za vuli zikanyesha na bonde la Jangwani likajaa maji kama kawaida yake, na matokeo yakaja wakati maji yakiwa hayajakauka. Mwalimu mkuu aliyasoma mbele ya mlingoti. Katika nafasi za Dar es Salaam za sekondari ile ya ufundi, shule yetu ilipata moja, nayo ilikwenda kwa mjukuu wa yule mzee wa fimbo. Msichana alipata sekondari ya kutwa hapa hapa mjini. Ni shule nzuri. Ina maktaba, ina walimu wenye bidii, na haina karakana.

Kwa wiki kadhaa hakuzungumza nami zaidi ya shikamoo. Baba yake hakubadilika, siku moja tu, tulipokutana ukumbini, aliniambia kwa upole, "Ungenyamaza mkutanoni, Mwalimu, leo tungelala usingizi." Nilimjibu kwamba nisingeweza. Akasema anajua, akanigawia nusu ya gazeti lake. Juu ya ukuta wa ua, betri hazikuonekana tena, na wapangaji, ambao hapo awali walizitania, hawakuuliza.

Nilikuwa nimeomba uhamisho. Sikuuomba kwa ajili ya kujipa adhabu, wala sidhani nilikuwa na kosa la kulipia. Niliona tu kwamba nimesema mbele ya watu upungufu uko wapi, na mtu aliyesema hivyo anapaswa kwenda huko na chaki yake. Barua ya kukubaliwa ilipofika, mama alinipikia wali wa nazi na kunipa salamu nyingi za kupeleka, nyingine kwa watu ambao nilihofia wamekwisha kufariki.

Asubuhi ya safari nilikuwa nafunga kitanda changu kwa kamba nilipomwona msichana mlangoni, amevaa sare mpya ya shule yake. Mkononi alikuwa na kifurushi cha gazeti. Nilikifungua: kijitaa kilikuwa kimeviringishwa katika pamba, na chini yake waya mbili, ncha zake zimekwanguliwa vizuri mpaka zinang'aa.

"Vya watoto wa kule," alisema. "Mwambie yule aliyekuwa taa akae chini."

"Yule atakuwa amemaliza shule sasa."

"Basi mwambie aliyefuata."

Nikamshukuru. Nilikuwa nakitazama kijitaa kile kidogo alipogeuka kuondoka. Kisha akarudi hatua moja.

"Betri sikupi, Mwalimu. Nazihitaji mwenyewe. Watafute zao, waanike."

Akaenda shule. Nilipotoka na mizigo yangu kupitia uani, jua lilikuwa limeanza kupanda, na juu ya ukuta betri zilikuwa zimepangwa tena, zimelala zote upande mmoja.